Ishirini au Sita

Mwaka 2013 nilikuwa nafundisha hisabati katika sekondari moja ya kata, Kasulu. Mgeni kutoka Tanga, sina mume wala ndugu pale. Nikaanza kuchoka ovyo. Kilima cha shule nilikipanda kwa kusimama mara tatu, na nikipiga mswaki fizi zinatoka damu. Niliongezewa damu mara mbili, ikashuka tena, ndipo nikapewa rufaa kwenda hospitali kubwa, safari ya siku nzima kwa basi.

Huko walinidunga kwenye mfupa wa nyonga, wakavuta uboho, kile kilichomo ndani ya mfupa kinachotengeneza damu. Majibu yakasema: katika kila seli mia, ishirini ni changa, hazijakomaa.

"Zikifika ishirini tunaita saratani ya damu, mwalimu," daktari aliniambia taratibu.

Lakini sehemu nyingine ya uboho uleule ilikuwa imepelekwa maabara ya pili. Majibu yake yalinifikia Kasulu wiki tatu baadaye: sita.

Mkuu wangu wa shule alikuwa ameshasikia lile la kwanza. Akaniita ofisini. "Dada, acha nikuandikie uhamisho. Urudi kwenu ukapumzike karibu na wazazi."

"Kupumzika au kufa?"

Akavuta karatasi na kalamu.

"Usiandike kitu, mzee. Mwanafunzi akiniletea majibu mawili ya swali moja, namrudisha akafanye upya. Na hawa wa maabara nitawarudisha."

Nikapanda basi na karatasi zote mbili mkononi. Daktari alinipeleka maabara kwa mama mmoja mwenye miwani minene, ndiye aliyehesabu mara ya kwanza. Nilimwambia sitoki mpaka anionyeshe. Nilitegemea anifukuze. Akanisogezea kiti kwenye hadubini.

"Hii hapa ni changa. Na hii je?"

"Changa."

"Hapana. Imefanana nayo tu. Hata sisi tunabishana." Akaniambia bila kujitetea kwamba alihesabu seli mia tu, tena mahali zilipokuwa zimerundikana. Waliohesabu sita nao hawakudanganya: uboho waliopelekewa ulivutwa mwisho, ukiwa umechanganyika na damu ya kawaida, kwa hiyo seli changa zikaonekana chache.

"Basi tuanze upya," nikasema.

"Sindano ile inauma."

"Naijua."

Safari hii alichukua tone la mwanzo kabisa, akahesabu seli mia tano, na mwenzake akahesabu zake peke yake bila kuona za mwenziwe. Mmoja alipata arobaini na nne, mwingine arobaini na moja. Nikagawanya mwenyewe kichwani: haifiki tisa katika mia.

Daktari hakunipambia maneno. Uboho wangu ni mgonjwa kweli, akasema, na siku moja unaweza kugeuka saratani. "Lakini leo si saratani. Tutakuongezea damu ikishuka, na tutahesabu tena."

Nililia pale pale, kwa hasira zaidi ya furaha. Miezi miwili watu walikuwa wananisalimia kwa sauti ya msibani.

Jumatatu niliingia kidato cha tatu wakati kipindi kimeshaanza, mwalimu wa zamu akiwa amekaa kwenye kiti changu. Nikamwomba chaki.