Samahani ya Simu ya Korongo

Kosa lenyewe ni hili: Gilbert alichukua sauti ya Philister bila kumwambia inakwenda wapi, akaitia ndani ya simu, kisha simu hiyo akampa Kerubo, mtu pekee duniani ambaye Philister alikuwa ameapa kutomsemesha.

Kerubo ni wifi yake, dada wa mumewe Zadock. Mama mkwe alipofariki, Philister alipanda ndege kutoka Minnesota, akafika Nyamira hajala na miguu imevimba. Kerubo akamkabidhi rundo la sufuria zenye masizi, akawageukia waombolezaji na kusema kwa sauti ya kufika mpaka kaburini, "Huko Amerika anaosha wazee wasio wake. Sufuria zetu zitamshinda?" Watu wakacheka, kilio kikasimama kidogo. Zadock naye alicheka, ingawa baadaye alidai alikuwa anakohoa. Philister aliziosha sufuria zote zikang'aa, akarudi zake Fridley, mji anakoishi Minnesota, na kutoka siku hiyo akasema Kerubo hatapata neno lake hata moja mpaka amwombe samahani kwa kinywa chake. Miaka ikapita. Kerubo si mtu wa kuomba samahani hata akikukanyaga kidole.

Sasa Gilbert. Huyu ni mtoto wa kaka yake Zadock, aliyekuja Minneapolis kusomea mambo ya mitambo. Alilala kwenye kochi la Philister mpaka kochi likachukua umbo lake, akila ugali wake na kusukuma bakuli chini ya kochi kama mtu anayeweka akiba. Jumapili moja ya Januari, Philister ametoka shifti kwenye nyumba ya wazee ya Apple Valley, hata viatu hajavua, Gilbert akamwomba amsaidie kazi ya chuo. Akamwingiza kabatini, katikati ya makoti ya baridi, kwa sababu eti makoti humeza mwangwi. Nje theluji imefika dirishani, ndani Philister anatiririka jasho kama mpika chapati.

Kwa kuwa Philister aliacha shule darasa la tatu, Gilbert hakumpa karatasi. Alitamka sentensi, naye akairudia. Habari ya asubuhi. Betri imeisha, tafuta umeme. Umepigiwa, hukushika. Halafu ikaja hii: "Samahani sana, nimekosea. Naomba univumilie."

Philister akasimamisha kazi. "Namwomba nani samahani?"

"Hakuna mtu, Anti. Ni masomo tu."

Akaisema. Mwanamke aliyechoka husema chochote ili aruhusiwe kutoka kabatini.

Gilbert alimaliza chuo akarudi Kenya, wakati ambapo kanisani kwa Wakenya wa Minnesota hakukuwa na habari nyingine ila kiwanda. Simu zilizokuwa zikija kwa meli sasa zilikuwa zinaundwa nyumbani, kwenye kiwanda kipya nje ya Naivasha. Wasichana waliovaa makoti meupe, nywele zimefunikwa, walikuwa wakichomelea vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Mwanzoni walikuwa wakiunganisha tu vitu vya wengine. Baadaye wakaanza kutengeneza mpaka yale mabamba ya ndani yenye nyaya, na malori yakawa yanavuka kwenda Uganda na Kongo. Mchungaji alikiombea kiwanda kwa jina. Wanaume waliokuwa wakitamani nyumba Lakeville, hukohuko Amerika, wakaanza kuulizia viwanja Naivasha. Philister naye alipiga makofi, maana Gilbert, mtoto wa nyumbani kwake, alikuwa mkubwa huko. Simu yenyewe iliitwa Korongo, na sifa yake ni kwamba humsemesha Kiswahili mtu asiyejua kusoma.

Hakuna aliyemwambia inasema kwa sauti ya nani. Aliyemfungulia macho ni Donatille, Mkongo anayefanya naye kazi. Walikuwa wanatandika kitanda cha mzee mmoja, Donatille akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "Mama Bravin, uko mu telefone ya tantine yangu kule Bukavu. Unamugombeza juu ya betri kila siku."

Philister alidhani kuambiwa yumo ndani ya simu ya shangazi wa mtu ni utani wa Kikongo. Jioni Zadock akaja na simu yake mbele, midomo ameikaza kwa nguvu asicheke. Ilikuwa video kutoka kwa jamaa wa Nyamira. Kerubo ameketi barazani na Korongo mpya, zawadi ya Gilbert kwa shangazi yake, wageni wamemzunguka. Anawaambia wasikilize jinsi mke wa kaka yake alivyonyenyekea. Anabonyeza kitufe kisicho chenyewe, makusudi, na Philister anatoka mle ndani, mpole kama mtoto wa ubatizo: "Samahani sana, nimekosea. Naomba univumilie."

"Nimekuvumilia," Kerubo anamjibu, kisha anabonyeza tena.

Inasemekana alikuwa akifanya hivyo asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya sala. Kiapo cha Philister kilikuwa kimevunjwa Nyamira nzima, na yeye mwenyewe hajafungua mdomo.

Alimpigia Gilbert. Kijana hakuona kosa. "Anti, tulijaribu sauti nyingine. Kulikuwa na dada mmoja wa Nairobi mwenye sauti kama asali, wazee wakaanza kumtongoza. Wewe wanakutii."

Tena, akasema, alikuwa karibu kumpigia, kwa sababu toleo la pili la Korongo lilikuwa tayari na lilihitaji sentensi mpya kwa sauti ileile. Hapo Philister akajua ameshika mpini. Akasema ataingia kabatini kwa sharti moja: samahani ile iondolewe katika kila simu, na ya Kerubo iwe ya kwanza. Gilbert akalalamika kwamba mtu akikosea lazima simu iseme kitu. Philister akamwambia itasema ukweli. Akajifungia kabatini na makoti yake, akavuta pumzi, akatamka, "Umekosea. Jirekebishe, uanze upya."

Gilbert akaomba ulaini kidogo. Philister akamwambia ulaini ulibaki kwenye sufuria.

Mabadiliko yaliingia kwa mtandao katika simu ya Nyamira siku ambayo akina mama wa kanisa walikuwa kwa Kerubo wakinywa chai. Akabonyeza kama kawaida yake, uso tayari umefurahi. "Umekosea. Jirekebishe, uanze upya." Akabonyeza tena, akaambiwa vilevile. Mara ya tatu alikaa wima kitini, akavuta leso magotini, na Kerubo huyo asiyewahi kuomba radhi akasema kwa sauti ndogo, "Samahani."

Mama mmoja alikuwa anarekodi. Video ilifika Fridley chai haijapoa, Zadock akaja mbio. "Mama Bravin, yameisha. Ameomba."

Philister aliitazama mpaka mwisho. "Ameiomba simu."

"Lakini sauti si ni yako?"

"Waulize walioichukua."

Kwa hiyo mpaka leo hayajaisha. Zadock anadaiwa maelezo ya kile kikohozi. Gilbert anadaiwa kuja kuketi kwenye lile kochi alilolibomoa, aiombe ile sauti aliyoichukua, kama watu wanavyoomba, na siku hiyo atakula alichopewa na bakuli ataosha. Na Kerubo anadaiwa neno lilelile alilolitoa mbele ya chai. Kulisema anajua, tumemsikia. Kilichobaki ni alilete kwenye sikio la mtu.