Maua Niliyoyaacha kwenye Chinsaga

Enzi zetu, sisi tuliokulia karibu na Kebirigo kabla majani chai hayajafika hadi mlangoni, mtoto wa kike alizijua mboga kabla ya kujua a-e-i-o-u. Managu, yaani mnavu, tuliyatambua hata gizani. Lakini mboga yenyewe ilikuwa chinsaga, ile ambayo watu wa pwani huiita mgagani. Nawaona vijana wa leo wakiikaanga dakika tano na nyanya mbili, halafu wanakunja uso eti ina uchungu. Sasa walitaka iwe tamu kama keki? Kwetu ilichemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, ikarudishwa kwenye nyungu pamoja na maziwa, ikalala karibu na majivu ya moto, na kesho yake ikatiwa maziwa tena. Siku ya tatu ndipo ilipoteremka vizuri na ugali wa wimbi. Ijumaa boma zima lilinuka chinsaga, maana Sabato hakuna aliyewasha moto kupika.

Tena ilikuwa dawa. Mama akijifungua, kitu cha kwanza kutafutwa baada ya uji kilikuwa chinsaga, asubuhi na jioni, hadi rangi imrudie usoni. Wanawake walisema inarudisha damu. Hakuna aliyebisha, hata baba yangu aliyekuwa mzee wa kanisa na asiyetaka kusikia habari za waganga.

Aliyeipanda kwetu alikuwa Magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Ekegusii. Alikuwa mama mzazi wa baba. Miaka ya sabini ilipoanza, baba alikuwa amekwisha kung'oa karibu kila kitu ili apande chai na pareto, na majirani walifanya vivyo hivyo. Magokoro alibaki na kipande kidogo nyuma ya zizi, penye samadi, akakilinda kwa maneno makali.

"Chai yako mtoto mchanga ataila?" alimuuliza baba siku moja. Baba akacheka, akamwachia.

Anayeijua chinsaga anajua kwamba ukiiacha itoe maua, imekwisha. Nguvu yote inakwenda kwenye mbegu na majani yanabaki madogo, magumu. Kwa hiyo kila baada ya siku chache lazima mtu apite akikonyoa vichwa vya maua, shina kwa shina, aache mashina mawili tu kando ya uzio kwa ajili ya mbegu. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi, na macho ya Magokoro yalikuwa yameingia ukungu. Aliweza kuona mtu amesimama mlangoni, lakini hakuweza kuona ua.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito na kiangazi kilikuwa kikali. Nilipaswa kukonyoa maua na kumwagilia maji ya kijitoni. Lakini shuleni tulikuwa tumepata mpira mpya wa mchezo wa kati, tulioufuma wenyewe kwa nyuzi za migomba, mzito, ukikupiga mgongoni unalia. Mimi nilikuwa hodari wa kuukwepa. Kila jioni nilichelewa kurudi. Nilikuwa navua sketi iliyojaa vumbi na kuificha.

"Kerubo, umekonyoa maua?" Magokoro aliuliza.

"Nimekonyoa, Magokoro."

"Yote?"

"Yote."

Nilisema hivyo karibu majuma matatu. Sikuona kama ni uongo mkubwa. Nilijiambia kwamba nitakonyoa kesho.

Mama alijifungua mtoto wa kike, na damu ikamtoka nyingi kuliko kawaida. Mkunga alitoka nje akinawa mikono, akasema maneno mawili tu: "Tafuteni chinsaga." Magokoro akachukua kikapu akaenda mwenyewe. Nilimfuata kwa mbali. Alishika shina la kwanza, akapapasa juu hadi chini. Akashika la pili. Vidole vyake vilipita kwenye maganda marefu yaliyojaa mbegu, mstari baada ya mstari. Akachuma kile kidogo kilichokuwepo, hakikutosha hata sahani.

Tulizunguka kwa majirani. Palikuwa na chai, chai, na pareto. Mama alikunywa uji, akanywa mchuzi wa kuku, akazidi kuwa mweupe. Siku ya tano wanaume wakambeba kwa machela kuelekea hospitali. Walirudi naye kabla ya jua kufika kichwani, na mbele yao baba alikuwa anatembea bila kofia.

Baada ya mazishi baba alisimama mlangoni kwa mama yake. Mimi nilikuwa ndani, nimempakata mtoto.

"Mama, ile mboga uliyonizuia nisiing'oe ilikuwa wapi?"

Nilijua sasa Magokoro atanitaja. Nilifumba macho.

"Niliiacha itoe maua," Magokoro alisema. "Nilitaka mbegu nyingi. Ni mimi."

Sikufungua mdomo. Hilo ndilo ninaloandika leo, na sijawahi kumwambia mtu.

Baba hakula tena chakula kilichopikwa na mama yake. Miaka sita, hadi tulipomzika Magokoro, alipita mlangoni kwake akimsalimu kwa mkono tu, bila kuingia. Magokoro mwenyewe hakuwahi kuniuliza neno. Siku moja tu aliniwekea ungo mapajani, umejaa maganda makavu ya chinsaga ile, akasema, "Pepeta. Hizi ndizo za mwaka ujao." Nikapepeta huku nalia, naye akakaa karibu yangu hadi nikamaliza.

Mtoto yule aliishi. Magokoro alimlea kwa maziwa ya ng'ombe. Leo ni nesi huko Nyamira, na huniambia damu ya namna ile haizuiwi na mboga, hata ingejaa shamba zima. Pengine ni kweli. Lakini yeye hampendi nyanya yake. Amekua akisikia kwamba kizee kilitamani mbegu kuliko uhai wa mama yetu, na kaburi lake hajawahi kulipalilia.

Zamani mtoto alikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ilikuwa na maana. Wajukuu wangu hawajui hata jembe limewekwa wapi. Chinsaga wanaikuta sokoni imefungwa mafungu, na mimi nawacheka. Kisha naona aibu kuwacheka, maana hakuna aliyekufa akingoja kitu walichosahau.

Mbegu zile bado ninazo, kizazi baada ya kizazi, nyuma ya nyumba. Binti wa huyo dada yangu nesi amejifungua juzi, na dada amepiga simu akiomba mboga. Asubuhi hii nimejaza kikapu. Nitakipeleka mwenyewe, nitakaa, na kabla hawajaonja nitamwambia dada ni nani aliyeyaacha maua.