Lenzi ya Baba na Kamera ya Ukucha

Baba alipofariki, tulikuta kamera yake ya filamu imeota kutu, haifunguki. Lenzi ilikuwa nzima. Milimita hamsini, kioo safi, ile aliyopigia picha za kipaimara na harusi kuanzia Lundo hadi Kihagara. Nikaenda nayo Mbinga, ambako nina studio ya picha za pasipoti.

Nilikuwa na kamera ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta. Kihisi chake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Nilitaka kukifungia lenzi ya baba nipige picha za nyota.

Jirani yangu wa studio, mpiga picha za harusi, alicheka.

"Dada, lenzi hii ni ya filamu pana. Kwa hicho kidude utapata kipande cha katikati tu. Anga lote linapotea."

"Cha katikati ndicho kikali," nikamjibu. "Pembeni mwa lenzi ndiko nyota zinakoharibika. Huko nakuachia wewe."

Hakupenda. Na mimi sikupenda alivyoniita dada.

Shida halisi ilikuwa umbali. Lenzi ina kipimo chake cha kukaa mbele ya kihisi. Ukizidisha hata unene wa kadi, nyota haziwi nukta. Nilikata bomba la maji la plastiki, nikalipaka rangi nyeusi ndani, nikalitia kati ya lenzi na kamera. Jaribio la kwanza, nyota zilitoka kama maandazi. Nikalisugua bomba kwa msasa lipungue, mkono ukaenda upande: nyota za kushoto kali, za kulia ukungu. Nililitupa, nikakata jingine. Na jingine, mpaka nyota zikawa nukta.

Mwezi wa saba, mvua zikiwa zimekwisha, nilishuka Lundo kwa mama, kando ya ziwa. Hakukuwa na mbalamwezi, na taa za wavuvi wa usipa, dagaa wa kwetu, zilikuwa zimejaa ziwani, kwa hiyo nilijibanza nyuma ya jiko. Mama aliniletea kigoda.

"Baba yako alipiga watu," alisema. "Nyota zitakuja lini kuchukua picha zao?"

"Zisije, mama. Nazitaka mimi."

Nilibana kidogo tundu la lenzi, maana likiwa wazi kabisa kila nyota huvaa duara la zambarau. Kwa kihisi kile, lenzi ya baba iliona upana wa vidole vitatu tu vya mkono ulionyooshwa. Nikaielekeza karibu na mkia wa lile kundi la nyota lenye umbo la nge. Picha za sekunde mbili mbili, mamia, kabla dunia haijazisogeza nyota. Kompyuta ikaziunganisha, na lile doa ambalo jicho huliona kama moshi likawa wingu la waridi, lina mpasuko mweusi katikati.

Mama alitazama kioo cha kompyuta, akainua shingo juu mpaka kilemba kikamdondoka.

"Hiki kiko pale?"

"Kiko pale."

Niliichapisha kubwa, nikaitundika studio mahali palipokuwa na picha ya bibi harusi. Jirani alikuja, akaikodolea macho.

"Umekata anga."

"Sikukata. Nilichagua."

Aliondoka bila kuaga. Wiki ile mteja mmoja aliniomba niishushe, eti inamtisha akikaa kupigwa picha. Nikamgeuzia kiti.