Nilimnyima Mjukuu Wangu Maji Nikidhani Namponya

Nimekosa, ndugu msomaji, na kosa langu halina dawa. Nilimuua mjukuu wangu. Sikumpiga wala sikumtupa. Nilimnyima maji ya kunywa, na nilimnyima kwa sababu nilikuwa najua. Ndiyo, nilijua! Ningekuwa mjinga, yule mtoto angekuwa hai leo.

Mimi ni mama wa upande wa Ikutha. Nilizaa wanane, wakabaki sita. Miaka hiyo ya themanini, baada ya ile njaa kubwa, mtoto akishikwa na tumbo kijijini kwetu aliletwa kwangu kwanza. Sikuwa mganga, mimi ni mtu wa kanisa. Lakini nilikuwa na mkono wa watoto, na mdomo pia nilikuwa nao! Msichana akimshika mtoto vibaya mbele yangu alirudi kwao masikio yakiwaka moto.

Dawa yangu niliipokea kwa mama, naye aliipokea kwa mama yake. Mtoto akihara, unamkausha. Humpi maji. Humpi titi, kwa maana hilo nalo ni maji. Unampa kijiko cha mizizi michungu iliyochemshwa na uji mzito wa wimbi, basi. "Mtungi ukivuja, utauziba kwa kuumwagia maji?" Hivyo ndivyo nilivyowauliza kina mama, nao wakacheka na kukubali.

Wengi walipona. Wale ambao hawakupona, Mungu aliwapenda zaidi, au kuna mtu aliwatazama kwa jicho baya. Sikukosa sababu hata siku moja.

Kijana wangu wa kwanza alikuwa akifanya kazi Mombasa. Mkewe aliishi nami nyumbani. Nitamwita Mueni, ingawa si jina lake. Alikuwa mpole, amesoma mpaka darasa la saba. Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, na kwa desturi yetu Wakamba akapewa jina langu. Kijana wangu akija likizo alimbeba juu juu akimwita "mwaitu", mama yangu, vile vile anavyoniita mimi. Nilisikia raha mpaka nikaona haya.

Kiangazi kimoja mto ulikauka, tukawa tunachota kwenye mashimo ya mchangani, sisi na punda na ng'ombe wa watu. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anatembea. Akaanza kuhara na kutapika.

Siku hiyo nilikuwa nimeenda sokoni. Niliporudi nikamkuta Mueni amechemsha maji, ameyapoza, anakoroga sukari na chumvi. Kumbe alikuwa amembeba mtoto mpaka kliniki bila ruhusa yangu!

"Hiyo ni nini?"

"Ni maji ya mtoto, mwaitu. Sista wa kliniki ametuonyesha. Tumpatie kidogo kidogo, na anyonye, hata kama bado anaendesha."

"Anaendesha maji na unamwongezea maji? Na chumvi juu? Kwani unampika?"

"Mwaitu, sista alisema—"

"Huyo sista amezaa wangapi?"

Nilichukua ile sufuria nikaimwaga nje, kuku wakaja mbio. Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Aibu iliyoje! Methali nilikuwa nazo tele, lakini akili ya kuuliza swali moja sikuwa nayo.

Nikamchukua mtoto nikaanza kazi yangu. Alilia usiku kucha. "Manzi, manzi," alilia, na manzi kwa Kikamba ni maji. Alikuwa anautazama mtungi pale pembeni. Nikautoa mtungi nje asiuone. Mkono huu ninaoandikia ndio uliouhamisha.

Kesho yake nikamkuta Mueni nyuma ya jiko anamnywesha kwa kikombe. Nilikipiga kile kikombe kikaanguka. Nilimwambia akitaka kumuua mtoto wa watu aende akafanyie kwao. Alilia, lakini hakunijibu. Kwetu mke wa mtoto hamjibu mama mkwe.

Mchana huo mtoto alitulia. Kilio kiliisha. Nguo yake ilikuwa kavu tangu asubuhi. Nilifurahi! Nikamwita jirani niliyekuwa nikimfundisha dawa zangu, nikamwambia, "Njoo uone, nimemkausha, hahari tena!" Jirani akasema kweli mkono wangu ni wa Mungu.

Mueni alikuwa amemfinya mtoto ngozi ya tumbo. "Mwaitu, tazama, ngozi hairudi. Macho yameingia ndani. Sista alituambia tukiona hivi tukimbie."

"Amelala. Mwache alale."

Ndipo yule msichana mpole akamnyakua mtoto mikononi mwangu, akamfunga mgongoni kwa leso na kukimbia. Nami nikamfuata. Unajua nilimfuata nikifanya nini? Nikimtukana! Njia nzima nilikuwa nyuma yake nikipiga kelele kwamba ananiaibisha mbele ya watu, na mtoto alikuwa akifa pale mgongoni mbele ya macho yangu.

Alipofunguliwa kwenye kliniki alikuwa ameshaenda.

Sista alimpima, akamfunika. Kisha akauliza, "Amekunywa nini tangu jana?"

Mueni alinitazama. Sitasahau ule mtazamo. Akainamisha kichwa na kusema, "Alikataa kunywa, sista."

Sista alimgombeza vibaya mbele ya kina mama wote: si nilikufundisha, si nilikuambia, wewe ni mama wa aina gani? Nilikuwa nimesimama pale. Sikufungua mdomo. Mdomo wangu wote ule!

Kijana wangu alikuja kwa mazishi. Alipata habari kwamba mkewe alipewa maagizo na hakuyafuata. Akamuuliza mbele yangu, naye hakunitaja. Nikasema ni mapenzi ya Mungu. Hayo tu. Ningesema ukweli, ningekuwa nani tena kijijini? Watu walikuja kwangu kwa sababu ya mkono wangu. Bila huo mkono nilikuwa mama mzee tu mwenye maneno mengi.

Ndoa yao haikupita mwaka. Mueni alirudi kwao, upande wa Makueni, na kijana akaoa mwingine huko Mombasa. Mpaka leo anaamini Mueni ndiye aliyezembea.

Miaka ikapita, nikampeleka mjukuu mwingine kliniki kwa sindano. Tukaketi kwenye benchi, sista mwingine akawa anafundisha. Alisema mtoto anayehara hufa kwa kuishiwa maji, na akikauka kabisa hata kuhara huacha. Kile nilichokiita kupona!

Nilitoka nje nikakaa chini. Nilikumbuka mjukuu wangu, kisha nikakumbuka wale wawili niliozaa mimi, wale wa jicho baya. Nao niliwakausha vizuri sana. Kuna mwanamke niliyekuwa nikimshuku kwa ajili yao, na sikumsalimia mpaka alipokufa.

Nikaanza kuwaambia kina mama wawape watoto maji. Wananicheka! "Si wewe ulitufundisha kukausha? Umezeeka, mwaitu." Yule jirani yangu ndiye sasa mwenye mkono, na anawafundisha wengine maneno yangu neno kwa neno, hata lile la mtungi unaovuja. Nilifundisha vizuri mno. Siwezi kuyarudisha.

Wewe mama mkwe unayesoma haya, na wewe fundi, na wewe mwalimu wa siku nyingi, usijivunie yale unayoyajua mpaka ushindwe kuona kilicho mbele yako. Mtu mpya akikuletea neno jipya, usimuulize amezaa wangapi. Sikiliza kwanza, kisha tazama.

Na mtoto akihara, mpe maji, kisha umkimbize kliniki. Akilia akitaka maji, mwamini yeye. Wangu alijua dawa yake, akaitaja kwa jina mpaka sauti ikamwishia, na mimi mjuzi ndimi niliyekuwa nikimnyamazisha.