Kikombe cha Mama

Binti yangu anasomea upishi kule chuoni Sigalagala, na tangu alete mizani yake ndogo hapa nyumbani Amalemba sina raha. Kwao kikombe si kipimo, ni gramu tu. Jumamosi alitaka nimpe kipimo cha obusuma wa nyanya yangu, ule ugali mweusi wa wimbi na muhogo. Nikachota unga, nikasawazisha kwa kidole, akapima. Cha pili vilevile. Cha tatu nikakigonga mezani, unga ukashuka, nikaongeza, nikagonga tena.

"Mum, hii imezidi," akasema. "Na kikombe ni kilekile."

Sikuwa nimekusudia kugonga. Mlio ule nilikuwa sijausikia tangu utotoni, na nakwambia kweli, niliogopa.

Kukhu, ndivyo nilivyomwita nyanya, mama mzazi wa mama yangu, alinilea huko Lurambi katika nyumba iliyozungukwa na miwa. Mama alikuwa ameenda mjini kutafuta kazi, akaahidi kurudi maharagwe yakikomaa. Maharagwe yakakomaa, yakavunwa, yakapandwa mengine. Kila jioni kukhu alipima vikombe vitatu: changu, chake na cha mama. Vyetu vilikuwa vya kawaida. Cha mama alikigonga kwenye jiwe la kusagia hadi unga ushikamane, akaongeza, akagonga tena. Alisema mtu wa safari hali kama mtu wa nyumbani.

Miwa ikivuma nje wakati anasonga, mwiko ulisimama. Alisikiliza. Nami nilisikiliza, maana nilikuwa na hakika kuna mtu amesimama pale nje na anaona haya kubisha. Jirani yetu, mama wa kanisa, hakuyapenda mambo hayo. Alisema chakula cha asiyekuwapo hukaribisha wasiojulikana.

"Wewe pika yako," kukhu alimjibu. "Mtu hapimiwangi chakula akishafika."

Fungu la mama lilifunikwa kwa bakuli. Asubuhi nilikimbilia kulifunua, nikitafuta alama ya kidole. Haikuwapo. Basi kukhu alinikatia kile kiporo, nikakila na chai ya rangi, kimepoa na kinanuka moshi, na mpaka leo sijala kitu kitamu kama kile. Nilinenepa kwa chakula cha mama yangu.

Halafu jioni moja kukhu alipima viwili, akafunika mkebe wa unga. Hatukuwa tumepata simu wala mjumbe, wala hatukuwa na matanga.

"Na ya mama?" nikauliza.

Aliendelea kuchochea moto kama hakusikia. Miwa ilivuma, na mwiko haukusimama. Asubuhi nilikunywa chai kavu, ndipo nikajua sina mama. Sikujua nimlilie nani, kwa kuwa hakuna aliyesema kitu.

Jiko lile lilishaanguka, na kukhu amelala hatua chache kutoka hapo. Penye miwa sasa pana nyumba za kupangisha, zenye taa usiku kucha. Mama hakurudi hata kwa mazishi ya kukhu, na sijui kama yu hai. Namkosa, ingawa sura yake siikumbuki.

Binti yangu alikuwa bado anangoja nimwambie aandike kikombe kipi. Nikamwambia aandike kile chepesi. Kile kizito kilikuwa cha mtu mmoja tu, na hata mamake mwenyewe alichoka kumpimia.