Wiki ya Nane, Doreen Alimtoa Mwanawe

Doreen Vavra amepika katika jiko la shule yetu hapa Omaha kwa miaka ishirini na miwili, na sijawahi kumwona akiona haya kumwambia mtu ukweli. Mimi ni Lyle, mtunza majengo, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo, ndimi pia msimamizi wa ligi ya fantasi ya wafanyakazi. Kila mmoja anachagua wachezaji wa kweli kutoka timu za futiboli ya Kimarekani za nchi nzima, kila wiki anapanga kwenye simu nani ahesabiwe na nani akae benchi, na wanachofanya uwanjani Jumapili wale waliopangwa kinageuka kuwa pointi zake.

Mwaka huu Omaha tulipata timu yetu wenyewe kwa mara ya kwanza. Mrushaji wake, yule anayeshika mpira na kuamua uende kwa nani, ni Garrett Vavra, mtoto pekee wa Doreen. Mji ulishangilia mpaka sauti zikakauka. Mimi sikuweza kujizuia. Nilibandika kwenye ubao wa chumba cha wafanyakazi tathmini yangu ya safu ya ushambuliaji: wakimbiaji wazito, wadakaji wenye mikono ya sabuni, na ukuta wa mbele, ule wa kumlinda mrushaji, unaofunguka kama pazia. Ushauri wangu ulikuwa mmoja tu, kwamba mtu asichukue mchezaji wa timu hii hata akipewa bure.

Siku ya kuchagua wachezaji, zamu ya kwanza ilimwangukia Doreen.

"Garrett Vavra," akasema.

Hruska, mwalimu wa hesabu, nusura apaliwe na kahawa. "Mama Garrett, huyo si angekungoja hadi raundi ya mwisho! Nani angemgusa?"

"Mwanangu hangoji raundi ya mwisho. Na sikilizeni nyote, simweki benchi hata wiki moja. Andika hilo, Lyle."

Niliandika. Msimu ukaanza, mechi saba, vichapo saba. Garrett alikuwa akiangushwa kabla hata hajainua kichwa kutazama mbele, na mamake akashika mkia katika ligi yetu. Kila Jumatatu Hruska alisimama kwenye dirisha la kupakulia.

"Mama Garrett, jana kijana kakuletea pointi mbili. Zote hizo utazipeleka wapi?"

"Endelea tu kuchonga. Chakula chako nakipakua mimi."

Garrett mwenyewe alikuwa akiifuatilia timu ya mama yake kwenye simu, tena alimsihi amtoe, akisema anajiaibisha bure. Doreen alicheka tu. Nilimpenda kwa ukaidi ule, ingawa ulikuwa ukiiharibu ligi yangu.

Ijumaa kabla ya mechi ya nane nilimkuta akikanda unga wa mikate ya mdalasini. Ilikuwa siku ya maharage na nyama ya kusaga, na hapa kwetu chakula hicho kikija bila mikate hiyo watoto wataandamana. Doreen hakuniamkia.

"Jumatano alikuja kula," akasema baadaye. "Kakata nyama kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza, akacheka. Garrett akicheka bila cha kuchekesha, ujue kuna mahali panauma."

"Bega?"

"La kurushia. Na timu hajaiambia. Anaona wakijua watamleta mwingine na nafasi itakwenda hivyo. Sasa Jumapili akiliangukia tena, na ukuta wenyewe ndio ule..."

Niliona vibaya, maana ukuta ule nilikuwa nimeufanyia mzaha kwa kalamu nyekundu.

"Umeongea naye?"

"Mara tatu. 'Niko poa, mama.' Basi, hilo tu."

Akafuta kidole kimoja kwenye aproni, akafungua simu, akamtoa Garrett na kumwingiza mrushaji wake wa akiba. Kisha akarudi kwenye unga.

Dakika kumi hazikupita, simu ikalia. Mikono yake imejaa unga, akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Mama, umeniweka benchi?"

"Ndiyo."

"Wiki saba umevumilia, leo ndio umechoka? Ni wale wenzako wamekutia maneno."

"Hakuna aliyenitia maneno. Nilikuona ukikata nyama."

Upande wa pili mtu aliita jina lake, kisha mlango ukafungwa.

"Mama."

"Nakusikia, baba."

"Siwezi kuinua mkono kupita sikio."

Doreen alifumba macho. "Nenda kwa daktari wa timu, umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Na wakinitoa moja kwa moja?"

"Utakuja nyumbani, utakula. Nenda."

"Nakwenda. Nakwenda sasa hivi." Sauti ilikuwa imepungua nusu. "Ila usikate simu, mama."

Doreen aliichukua simu kwa mikono ile ile ya unga, akaingia nayo stoo. Kengele ikalia, watoto wakajaa. Nikanawa mikono, nikavaa aproni, nikaanza kupakua. Hruska alipofika dirishani tayari alikuwa na tabasamu lake la Ijumaa.

"Mama Garrett yuko wapi leo? Nimeona amemtoa kijana, hatimaye kapata akili!"

"Yuko na mwanawe," nikamwambia. "Chukua sahani, sogea."