Mashine ya Mwanamkisi

Kizingitini nzima hakuna mwenye mwandiko mzuri kama Faiz, na mwandiko huo ndio uliomponza. Asubuhi alikuwa mpima kambakoche kwenye bohari la Bwana Amjad, akiandika kilo za wavuvi. Jioni alikuwa katibu wa timu ya Bwana huyohuyo, akiandika majina ya wachezaji. Na tangu babake afariki, alikuwa walii wa dadake mdogo, Mwanamkisi, yaani yeye ndiye wa kumwoza. Kofia tatu kichwa kimoja, na kichwa chenyewe si kikubwa.

Ligi ya visiwa ilipoanza kulipa wachezaji, wenye timu walifikia kuwanunua kama kambakoche, bado wanarusha miguu. Ligi ikaweka kikomo cha mishahara: kila timu ina fungu lake, lisizidi, na chochote mwenye timu atakachompa mchezaji, kiwe simu, kiwe pikipiki, kinahesabiwa mshahara. Atakayezidisha anakatwa pointi tisa. Kizingitini walikuwa pointi saba tu juu ya mstari wa kushuka daraja. Hesabu hiyo hata mbuzi wa sokoni aliijua.

Msimu huohuo Ubaid, mshambuliaji wao, akamposa Mwanamkisi. Ubaid alikuwa na mguu wa kushoto wa dhahabu na mfuko uliotoboka. Mwanamkisi alipoulizwa mahari, hakutaka dhahabu, ya mguu wala ya shingo. Alitaka mashine ya boti, hosipawa kumi na tano, aikodishe ajipatie riziki yake. Bwana Amjad akamnunulia Ubaid mashine, na mambo yangeishia hapo lau angefunga mdomo. Lakini tajiri wa kwetu akitoa kitu asitajwe, hupata homa. Siku ya nikaha, Faiz alipokwisha kuoza kwa mahari ya mashine na Ubaid akakubali, Bwana Amjad alimpokonya sheikh maikrofoni akatangaza kwamba mashine hiyo kaitoa yeye, asidhaniwe mwengine. Halua haijaisha siniani, video ilikuwa imefika Amu. Timu ya Amu ikaipeleka kwenye ligi, pamoja na malalamiko ya kurasa mbili.

Bwana Amjad hakutaharuki. Alimwita Faiz boharini, akamwandikisha barua: mashine ni mali ya timu, Ubaid kaazimwa tu ili abebe wachezaji. Chombo cha kazi si mshahara. Faiz aliiandika yote, herufi zimelala kama lulu, kisha kalamu ikakwama penye saini. Akauliza, na mahari je?

"Hayo ni ya nyumbani kwenu," akasema Bwana Amjad. "Mimi nina timu. Wewe una kazi, bado."

Faiz alikwenda kwa sheikh akitafuta upenyo. Sheikh akamwambia ndoa haina neno, iko palepale. Lakini kama mashine haikuwa ya Ubaid, basi Mwanamkisi hajapewa mahari, na mume bado anadaiwa. Ubaid, ungemtikisa, zingedondoka njumu mbili tu.

Akaenda kwa dadake. Alimkuta anaifuta mashine kwa kitambaa, kama mtu anavyomfuta mtoto pua. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, uliniuliza mbele ya mashahidi kama nimeridhika, nikakwambia nimeridhika. Ukiitia saini hiyo, niliridhika na nini?"

Faiz alitoka akipiga hesabu. Akisaini, amemvua dadake mahari aliyomwozea kwa kinywa chake. Asiposaini, anaishusha timu na kazi inakwenda nayo. Akawaza kukimbia, akacheka peke yake. Kisiwa hakina ndia ya kukimbilia. Ukimkwepa mtu msikitini, utakutana naye gatini.

Siku ya kikao, mechi za msimu zimekwisha, walikwenda Amu kwa boti ya timu. Mashine ya timu ilikuwa mbovu, kwa hiyo Ubaid alimwomba mkewe ile ya mahari. Kesi ikasukumwa na ushahidi wake. Barua ilikuwa mfukoni mwa Faiz, haina saini, imelowa jasho.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bi Rawiya, mwalimu mstaafu ambaye hata kimya chake kilisahihisha watu. Hakuuliza habari ya video.

"Katibu, mashine ni ya nani?"

Faiz alimtazama Bwana Amjad. Bwana Amjad alikuwa anatazama feni.

"Ni ya Mwanamkisi binti Husseini."

"Kaipata wapi?"

"Kwa mumewe. Ni mahari yake."

"Na mumewe?"

Hapo ndipo Faiz alipotamani dari imwangukie, ila majengo ya Amu ni imara mno. "Kwa Bwana Amjad," akasema.

Pointi tisa zilikatwa kabla chai haijapoa.

Kurudi, hakuna aliyemsemesha. Walimwachia ubao mzima akae peke yake, kama mwenye upele. Walipofika katikati ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, mikoko huku na mikoko huku, maji yanatoka, Bwana Amjad alimwambia Kamaludin, nahodha wa boti, azime.

"Si tumeambiwa mashine ina mwenyewe? Basi katibu amwombe. Mimi mali ya watu siigusi."

Boti ikaanza kuchukuliwa upande. Kila mtu pale alijua nusu saa zaidi na watakaa juu ya matope mpaka maji yajae tena. Faiz alisimama, akainua simu juu kutafuta mtandao, watu kumi na sita wakimtazama kwapa. Dadake alipopokea, alimweleza yote, kwamba timu imeshuka na kwamba wamekwama. Akaweka sauti ya wazi, kwa kuwa asingeaminiwa akinukuu.

"Washeni," akasema Mwanamkisi. "Na huko daraja la chini nitawaazima kila mechi, bure. Lakini mafuta ni ya Bwana Amjad. Na Kaka asiteremshwe ndiani."

Kamaludin akavuta kamba, mashine ikaunguruma. Faiz alikaa, akafungua daftari la timu kwa mazoea, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: mashine, kwa kuazimwa, mwenyewe Bi Mwanamkisi, mke wa mchezaji.

Ubaid alichungulia begani kwake. Lilikuwa neno la kwanza mtu kumwambia tangu Amu.

"Shemeji, na hiyo nayo ligi wataihesabu mshahara?"

Faiz alifunga daftari, akabaki kuitazama mikoko, na Kizingitini ilikuwa bado saa nzima.